Mama Mkwe wa Malkia

Maman Adélaïde hakuigusa chai.

Georgette alikuwa ameinama mbele yake na sinia mikononi, kitenge kipya kikimbana kiunoni, akingoja ule mkono mnene unyooke kuchukua kikombe. Haukunyooka. Mvuke ulimpanda usoni, mgongo ukaanza kumuuma, na mama yule alikaa vilevile, mikono juu ya mapaja, macho ukutani kwenye picha ya Bikira Maria, kama mtu anayengoja zamu yake dispansari.

“Maman, chukua,” alisema Georgette taratibu. “Iko moto vizuri.”

“Asante, mutoto. Mi siwezi kunywa.”

Mzee Barthélemy, baba yake Georgette, alicheka kidogo, kicheko cha mwenyeji asiyetaka mambo yaharibike nyumbani kwake. “Chai hapana? Basi balete limonade. Clémence, limonade iko wapi?”

“Chai haina kosa, Papa Barthélemy. Na limonade haina kosa.” Sasa Maman Adélaïde aligeuka akamtazama msichana usoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie. “Mi najiuliza tu. Mutu aliandika atanifungia mulango ya nyumba miaka kumi na saba. Leo ananipatia chai ya nini?”

Tonton Anaclet, mdogo wa marehemu mume wa Maman Adélaïde, aliyeletwa kuwa msemaji wa familia, aliacha kutafuna karanga katikati. Mama Clémence, mke wa mzee, alitokeza kichwa kutoka jikoni, kitambaa begani.

“Mimi, Maman?” Georgette aliuliza. “Mimi niliandika hivyo?”

“Lucien, mutoto ya jirani, alinisomea lettre, ile barua, neno kwa neno. ‘Mama mkwe wa namna hii ningemfungia mlango miaka yote kumi na saba, na ufunguo ningeutupa ziwani.’ Si maneno yako?”

Yalikuwa maneno yake. Aliyatambua kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani. Na kwa kuwa aliyatambua, alijua pia kuna mtu mmoja tu aliyeweza kuyabeba kutoka Bukavu mpaka Kamituga kwa mama huyu. Aligeuza macho kwa Théodore.

Théodore, mwalimu wa jiografia, mwanaume wa miaka thelathini aliyekuja siku ile kumwomba awe mke wake, alikuwa anatazama viatu vyake.

“Théodore,” alisema Georgette.

Alivitazama viatu zaidi.

“Sema, basi! Waambie yale maneno ni ya nani!”

Kinywa chake kilifunguka. Akamtazama mama yake, akamtazama mzee Barthélemy, na kinywa kikajifunga tena bila kutoa hata pumzi. Georgette angeweza kummwagia ile chai.

Maman Adélaïde alisimama, akakaza kitambaa chake cha kichwa. “Tulikaa siku mbili juu ya camion, lori ya mizigo, barabara yote ni matope, mara mbili tulishuka kusukuma. Kesho kutwa, lundi asubui, camion inarudi. Kama kuna maneno, batatukuta Bagira kwa Agnès mupaka kesho. Kama hakuna, tutabeba vitu vyetu.”

Wakatoka, Théodore nyuma yao. Mlangoni aligeuka, akamtupia Georgette jicho moja refu, la huruma, la kuomba, jicho ambalo siku nyingine lingemfanya amfuate nje. Siku ile lilimkera mpaka akaiweka sinia mezani kwa kishindo na kikombe kikapinduka.

“Mulango gani?” mzee Barthélemy alimuuliza binti yake. “Mulango gani, Georgette? Ulifanya nini?”

“Niliandika juu ya malkia, Papa. Malkia wa Bazungu, alikufa imepita miaka mia mbili.”

“Na yeye aliingia namna gani mu hii nyumba?”

Hilo ndilo hata yeye alitaka kujua.

Mwaka ule wa sabini na nane Georgette alikuwa anatimiza mwaka wa nne katika bibliothèque, maktaba ya parokia, vyumba viwili nyuma ya kanisa, mtaa wa Kadutu. Kwenye kadi ya kazi alikuwa Nsimire tu, kwa kuwa serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu, lakini parokiani hakuna aliyeacha kumwita Georgette. Padri alikuwa amemwambia aweke daftari mezani, na kila kitabu anachokisoma aandike mistari miwili, ili msomaji ajue anaazima nini. Padri alitarajia mistari miwili. Georgette aliandika kurasa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kadiri hasira ilivyomjia, na wanafunzi wa mji mzima walikuja kusoma daftari badala ya vitabu.

Alipenda maisha ya wafalme na malkia. Aliyapenda kama mtu anavyowapenda ndugu zake, yaani yalimkasirisha kila siku. “Kitabu hiki,” aliandika mara moja juu ya maisha ya Malkia Isaure, “kinaanza na nani alimzaa nani, kurasa sitini. Malkia anazaliwa ukurasa wa sitini na moja, na wa sabini ameshaolewa na mtu aliyemwona kwenye picha. Chakula cha harusi kimepewa kurasa nne. Siku alipoagana na mama yake imepewa mstari mmoja: ‘Malkia alilia kidogo.’ Mwandishi hakutuambia hicho kidogo kilikuwa kiasi gani.” Akalalamika hivyo, kisha akaazima kingine cha namna ileile.

Vitabu vya maajabu alivisoma kwa sababu Padri alileta sanduku zima. Juu ya kile kinene kuliko vyote aliandika: “Mwanzoni kuna ramani ya nchi isiyokuwepo. Watu wanatembea kurasa mia nne na hakuna hata mmoja anayepika. Upanga una jina, farasi ana jina, mama wa shujaa hana jina, naye amekufa ukurasa wa pili. Msichana anayependwa yuko juu ya mnara, anachana nywele, anangoja. Mpenzi wa kitabu hiki ni mwanaume asiyetaka kukua.”

Siku tatu baadaye mwanaume huyo aliingia, chaki kwenye mikono ya shati, daftari limefunguliwa mkononi. “Citoyenne,” alimwita, yaani raia, kama serikali ilivyotaka watu waitane, “njo weye uliandika hii?” Waligombana saa nzima. Juma lililofuata aliazima maisha ya malkia mmoja ili apate kumjibu, akamjibu, wakagombana saa mbili. Mvua za Oktoba zilipoanza, Georgette alikuwa anaangalia saa kila alasiri, na kama ikifika saa kumi bila hatua za Théodore kwenye kokoto, alichukia kila msomaji aliyeingia badala yake.

Ndivyo walivyopendana. Na sasa mtu huyohuyo alikuwa ameinyakua kauli moja ya daftari, akaitia kwenye barua, akaituma kwa mama yake.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Georgette alifungua bibliothèque ingawa haikuwa siku ya kazi. Alijua Théodore atakuja. Alikuja, mvua nyepesi mabegani, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

“Naweza kuingia?”

“Ingia. Mi nafungiaka ba mama mkwe tu.”

Aliingia. Kati yao kulikuwa na meza na lile daftari. Georgette alikuwa hajalala vizuri na macho yalimwasha. Alipoyainua alimwona naye macho yake yamevimba, na ndevu hakuzinyoa, na moyo wake ukataka kumsogelea. Aliushikilia moyo.

“Sasa nieleze. Polepole, juu mi si mutu wa akili.”

“Georgette, nilikuwa naandika lettre kwa Maman. Nilitaka ajue uko mutu wa namna gani. Nikafikiri, nikimwambia uko muzuri, kila mutu anasemaka hivyo juu ya fiancée, muchumba wake. Nikafungua daftari. Ile ya Malkia Isaure nilicheka mupaka machozi. Nikaiandika.”

“Ukaiandika. Kwa mama yako. Ile ya mama mkwe.”

“Nilifikiri atacheka.”

“Théodore! Mama anangoja kuona muke wa mutoto yake, mutoto moja tu Mungu alimupatia, na weye unamutumia barua ya kufunga mulango! Hata jina ya Malkia Isaure ulimwambia? Ulimwambia kwamba iko kitabu?”

“Nilisema. Pale juu kabisa. Lucien pengine aliruka.”

“Lucien aliruka.” Georgette alikaa, akasimama tena. “Na jana? Jana nani aliruka? Ulikuwa pale. Neno moja tu lilihitajika: ‘Maman, ni mimi nilituma, na yule ni malkia.’ Papa yangu alinitazama kama mwizi, na weye unahesabu matundu ya viatu!”

“Maman akikasirika mbele ya batu, ukimujibu, ni mbaya zaidi. Simujibuke. Tangu utoto simujibuke.”

“Unaonaka? Na unasomaka vitabu vya watu wanaoshuka kwenye pango la joka na mshumaa moja! Joka ya midomo saba! Weye hukuweza kuvuka sebule ya Kadutu.”

Théodore alivuta kile kitabu kinene cha maajabu kwenye rafu, si kwa hasira, akakishika kama mtu anavyoshika kitu chake.

“Unajua hiki nilikisoma lini? Miaka kumi na mbili, kwa internat, shule ya kulala, Papa amekufa mwaka moja mbele ya hapo. Udongo ulimuangukia mu shimo ya dhahabu, hata kumuona hatukumuona. Mule ndani ya kitabu kulikuwa mutoto bila baba. Walimupatia ramani, wakamwambia, njia iko hii. Mi hakuna mutu aliniambia njia iko wapi. Nilikuwa nalala nacho chini ya blanketi.” Akakirudisha. “Kisha mutu mumoja Kadutu akaandika kwamba anayekipenda ni mwanaume asiyetaka kukua. Nilikuya hapa na hasira, Georgette. Hukujua, juu sikukuambia. Weye unaandikaka kama batu hawaumie.”

Hilo lilimfika. Alitazama daftari, mwandiko wake uliolala upande wa kulia, mzuri, wa kujiamini, na kwa mara ya kwanza aliuona kama unavyoonekana na mtu aliyesimama upande wa pili wa meza. Mwaka mzima alikuwa ameucheka ule mnara na zile ramani mbele ya mtu huyu. Mwaka mzima naye alikuwa anarudi.

“Juu ya nini hukuniambia?”

“Ningesema namna gani? Ungeandika.”

Georgette alinyoosha mkono juu ya meza, akamgusa vidole. Vilikuwa baridi. Walikaa hivyo, mvua ikigonga bati, na kama Théodore angenyamaza hapo hapo, Georgette angemsamehe kila kitu.

Lakini Théodore alisema, “Mi naona tungoje.”

“Tungoje nini?”

“Maman arudi Kamituga. Miezi ipite, atapoa. Likizo kubwa nitaenda, nitamueleza polepole. Weye ungoje tu.”

Georgette aliuondoa mkono.

“Ningoje,” alisema. “Juu ya munara, nichane nywele.”

“Sikusema hivyo.”

“Ulisema hivyo! Likizo kubwa! Mi niko na miaka ishirini na sita, papa yangu atashinda barazani batu wanamuuliza bageni walienda wapi, na mi ningoje upate nguvu ya kusema neno moja kwa mama yako!” Alichukua kitabu cha Malkia Isaure rafuni, akakitia kikapuni, akajifunga kitambaa cha kichwa. “Ufunguo huu hapa. Funga weye. Mi nasikia nafungaka vibaya.”

“Unaenda wapi?”

“Bagira.”

“Georgette, hapana. Humujui Maman.”

“Anijue yeye, basi!” alisema, na alikuwa ameshafika kwenye kokoto.

Taksi ilimshusha barabarani, akapanda kwa miguu kati ya nyumba zilizopangwa safu safu, udongo mwekundu ukishika viatu vyake vya misa. Kila hatua hasira ilipungua kidogo na woga uliongezeka kidogo, hivi kwamba alipofika uani kwa Agnès vilikuwa vimelingana. Agnès, shangazi yake Théodore, alimwonyesha kwa kidevu tu. Maman Adélaïde alikuwa nyuma ya nyumba, juu ya kiti kifupi, ungo wa maharage mapajani, anachagua mawe. Ndani Tonton Anaclet alikuwa anakoroma.

“Jambo, Maman.”

“Jambo.” Hakuinua kichwa. “Umekuya kufanya nini?”

“Nimekuya kuomba musamaha. Kisha nimekuya kukuonyesha yule mama mkwe.”

Mkono ulisimama juu ya maharage. Georgette alitoa kitabu, akakifungua kwenye picha: mwanamke mzee mwenye kola kubwa nyeupe kama sahani, midomo imekunjwa.

“Huyu njo nilisema nitamufungia mulango. Si weye, Maman. Weye nilikuwa hata sikujui. Anaitwa Malkia Mukubwa. Alikufa zamani.”

Maman Adélaïde alipangusa mkono kwenye kitenge, akakivuta kitabu karibu, akaitazama ile sura kwa muda mrefu.

“Huyu?” alisema. “Huyu iko mukali.”

“Mukali sana.”

“Alifanya nini?”

Georgette alivuta kigogo akakaa. Alianza kumweleza: jinsi Malkia Isaure alivyoletwa kwa farasi kutoka kwao, msichana wa miaka kumi na sita asiyejua lugha, jinsi Malkia Mkubwa alivyohamisha kitanda chake mwenyewe usiku wa tatu wa harusi, akakiweka chumba cha jirani na cha maharusi, na mlango wa katikati hauna kufuli. Jinsi alivyosoma kila barua iliyotoka kwao Isaure. Jinsi kila jioni, mezani, alivyokuwa wa kwanza kuonja chakula akasema chumvi imepungua.

“Pengine ilipungua kweli,” alisema Maman Adélaïde.

“Miaka kumi na saba, Maman?”

“Eh.” Akatupa jiwe. “Endelea. Kwanza simama hapo. Bwana yake huyu muzee alikufa lini?”

Georgette alirudi nyuma kwenye zile kurasa sitini za nani alimzaa nani, kurasa alizozilaani daftarini. “Alikufa kwa vita. Mutoto iko na miaka mine.”

“Batoto bengine?”

“Hakuna. Yeye tu.”

Maharage yalikuwa yanaanguka moja moja kutoka ungo mpaka sahani. Yaliacha kuanguka.

“Basi alikuwa anaogopa,” alisema Maman Adélaïde.

“Anaogopa nini? Alikuwa malkia.”

“Malkia, malkia nini? Mutu alibaki na kitu kimoja tu mukononi. Kila asubui anakihesabu: iko, iko bado. Kisha mutoto ya watu anafika na nywele yake na ujana yake, anakichukua. Utaweka kitanda chako wapi? Hata mi ningekiweka pale.” Alifikiri kidogo. “Lakini barua, hapana. Kusoma barua ya mwenzako ni ubaya. Hiyo ubaya.”

Georgette alikuwa amekisoma kile kitabu mara mbili, na kurasa zote mia nne hakuwahi kumwona yule mzee akiogopa.

“Mwisho alikufa namna gani?” mama aliuliza.

“Aligonjwa miezi sita.” Alitafuta ukurasa, akatafsiri polepole. “Hakutaka watumishi wamuguse. Malkia Isaure njo alimuogesha. Njo alimufunga macho. Kisha Isaure alibaki mu chumba chake siku tisa, hakutoka.”

“Na hiyo uliandika mu ile karatasi yako?”

“Hapana, Maman.” Ilibidi aseme. “Niliandika nikiwa bado katikati ya kitabu, hasira imenishika. Kisha nilimaliza, nikaona vile iliisha, nikakuwa na haya kufuta. Niliandika juu ya mutu amekufa, nikafikiri haiwezi kuumiza mutu. Ilikuumiza. Unisamehe.”

Maman Adélaïde hakusema amesamehe. Alimtazama tu, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu vyenye udongo, kama anavyotazama maharage.

“Ulikuya peke yako kutoka Kadutu?”

“Peke yangu.”

“Haya.” Akachukua ungo tena. “Sasa nielezee kitu moja, hiyo hainiingie. Babibi babili wanakulana mu nyumba miaka kumi na saba. Mwanaume iko wapi? Yule mufalme. Yeye alikuwa anasema nini?”

“Hasemake kitu.”

“Namna gani, hasemake kitu?”

“Kitabu muzima, Maman. Mama yake akianza, yeye anachukua mbwa, anaenda kuwinda.”

“Miaka kumi na saba anawinda?”

“Miaka kumi na saba.”

“Nyama haziishe?”

Georgette alicheka. Hakutaka, kilimtoka tu, na alipoinua kichwa aliona pembe za midomo ya mama yule zikitetemeka. Lakini macho yake hayakuwa kwa Georgette. Yalikuwa yamepita juu ya bega lake, mpaka kona ya nyumba, ambako Théodore alikuwa amesimama, suruali imelowa mpaka magotini, ufunguo wa bibliothèque mkononi. Hakuna aliyejua alikuwa pale tangu lini.

“Mufalme,” alisema Maman Adélaïde. “Kuya hapa.”

Alikuja. Alisimama mbele yao wawili, mrefu, amelowa, na Georgette alimwona akivitazama viatu vyake. Mungu wangu, aliwaza, akivitazama tena naondoka, narudi Kadutu, na malkia wote wa dunia wabaki na waume zao.

Théodore aliinua kichwa.

“Maman, ile lettre nilituma mimi. Yeye hakujua. Nilicheka peke yangu, nikafikiri kila mutu atacheka. Na jana ningesema hivyo mbele ya Papa Barthélemy, nikanyamaza juu nilikuogopa.” Aliukaza ufunguo mkononi. “Bado nakuogopa. Lakini nataka kuoa huyu mwanamuke. Si tonton aseme, si Lucien aandike. Mimi nasema. Leo saa tisa tunarudi Kadutu, nitasema tena mbele ya wazazi yake.”

“Nani anarudi Kadutu? Mi nilisema narudi?”

“Mi narudi, Maman. Ukikuya nitafurahi sana. Ukikataa nitaenda na tonton. Tonton akilala, nitaenda peke yangu.”

Ndani mkoromo ulikatika ghafla, kana kwamba Tonton Anaclet amesikia jina lake.

Maman Adélaïde alimtazama mwanawe kitambo kirefu. Georgette aliona kitu kikipita usoni mwake, si hasira. Alikuwa anahesabu, iko, iko bado.

“Na akinifungia mulango?”

“Nitaufungua.”

“Na nikimusomea barua?”

“Nitakukatalia.”

“Mi sijui kusoma.”

“Lucien anajua,” alisema Théodore.

Agnès aliyekuwa jikoni alipasuka kicheko, akajifunika mdomo na kitambaa. Maman Adélaïde alipapasa ungo, akatoa jiwe lisilokuwepo, akalitupa.

“Vizuri. Saa tisa. Lakini munisikie. Kamituga iko mbali, na huyu mutoto ya Bukavu, chakula ya kwetu haijui. Arusi ikiisha nitakuya kwenu, nitakaa miezi miwili, nimufundishe.”

Miezi miwili. Georgette alifunga kitabu polepole. Aligeuka akamtazama Théodore, na jicho lake lilikuwa wazi kuliko ukurasa wowote aliowahi kuandika.

Théodore alimeza mate. “Wiki mbili, Maman.”

Kuku mmoja alipita kati yao.

“Wiki ine,” alisema Maman Adélaïde.

“Wiki mbili.”

“Tatu! Na juu yake usiongeze kitu!”

“Tatu,” alisema Théodore, akapumua kama mtu aliyetua gunia.

Alimsindikiza Georgette mpaka barabarani. Mvua ilikuwa imekatika, na chini huko, kati ya vilima, ziwa lilianza kupata rangi yake. Walipopita nyumba ya mwisho alimshika mkono. Alikuwa anang’aa, anatabasamu peke yake, anangoja kusifiwa.

“Wiki tatu,” alisema Georgette.

“Wiki tatu!”

“Théodore. Yeye anasema miezi miwili, weye unaanza na wiki mbili? Nani alikufundisha kununua? Ungeanza na siku tatu! Siku tatu, yeye anasema mwezi, weye unasema siku ine, munakutana mu wiki moja. Kila mutu wa soko ya Kadutu anajua hivyo!”

“Nilikuwa naogopa, Georgette.”

“Nilikuona.”

“Lakini nilisema.”

“Ulisema,” alikubali, kwa shingo upande. “Ulichelewa siku moja. Na viatu vyako uliviangalia, nilikuona, usifikiri sikukuona.”

“Kidogo tu.”

“Kidogo kiasi gani?”

Aliendelea hivyo mteremko mzima, juu ya wiki, juu ya viatu, juu ya Lucien anayeruka mistari, juu ya ufunguo na kama aliukumbuka mlango wa nyuma, na Théodore aliitikia eh, eh, kweli, eh. Taksi mbili zilipita tupu, hakuna aliyezisimamisha. Na katika maneno yote yale, ambayo yalikuwa mengi, hakuna hata moja lililomwambia auachie mkono wake.